Joto la Chumba Lizuiwe Kabla Halijaingia

Msimu wa kaskazi, yaani kipindi cha kati ya Desemba na Machi ambapo upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki, ndio unaofichua ubora na udhaifu wa nyumba katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, chumba kinachopigwa na jua la alasiri huwa hakilaliki hadi usiku wa manane, watoto wachanga hutokwa na harara, wazee huhamia barazani, na mazungumzo ya nyumbani huishia kwenye kununua feni ya pili au, kwa mwenye uwezo, kiyoyozi. Hoja ya makala haya ni kwamba mazungumzo hayo huanzia mwisho. Kinachoulizwa kwanza ni namna ya kulitoa joto ambalo limekwisha kuingia, ilhali swali linalostahili kutangulia ni joto hilo limepitia wapi na ni nani aliyeliachia njia.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jambo hilo peke yake linaamua mengi. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na katika miezi iliyo baina ya nyakati hizo, ambayo ndiyo yenye joto kali, saa sita mchana huwa limeegemea kusini kidogo tu, kwa nyuzi zisizozidi 17 kutoka wima. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu vyumba vyenye jua umeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako jua huja kwa mshazari na mwenye chumba huulizwa kwanza kuhusu dirisha lake. Mkazi wa pwani hii aulizwe kwanza kuhusu paa.

Adhuhuri isiyo na mawingu, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea nishati ya jua inayokaribia wati 1,000. Chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3 kina mita 9 za mraba za paa juu yake, hivyo hubeba karibu wati 9,000, na hata kama sehemu moja tu kati ya kumi itapenya hadi ndani, mpangaji atakuwa amekaa na wati 900, ambazo ni kama pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka katikati ya chumba. Bati lenye rangi nzito linaweza kuvuka nyuzi joto 60 za Selsiasi wakati huo, na likishapata moto wa kiasi hicho hulitoa joto kwenda chini kwa njia ya mnunurisho, yaani usafiri wa joto kwa mawimbi yasiyoonekana ambayo hayahitaji hewa wala kugusana ili yafike. Ndiyo maana mtu anayekaa chini ya bati lisilo na dari huhisi kichwa kikiungua hata pale ambapo kipimajoto cha hewa kinaonyesha nyuzi 32 tu: hewa haijawa moto kupita kiasi, lakini mwili unapokea mnunurisho wa bati moja kwa moja. Feni haiwezi kulizuia jambo hilo, kwa sababu feni husukuma hewa, na mnunurisho hausukumwi na upepo.

Tiba ya paa huanza na rangi. Bati jipya lisilopakwa rangi, kwa jinsi linavyong'aa, hudhaniwa kuwa ndilo lenye kulirudisha jua vizuri kuliko yote, na ni kweli kwamba huakisi mwanga mwingi. Lakini metali tupu haitoi mnunurisho kwa wepesi, kwa hiyo joto dogo inalolipokea hukaa nalo na kuzidi kupata moto. Bati lililopakwa rangi nyeupe hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwani huakisi sehemu kubwa ya jua na pia hulitoa upesi kwenda angani joto lililobaki. Inasikitisha basi kwamba mtindo wa miaka ya karibuni umewaelekeza wajenzi kwenye mabati ya rangi ya maruni, chokoleti na kijivu cha mkaa, rangi ambazo zinapendeza machoni mwa mpita njia lakini gharama yake hulipwa kila mchana na aliye ndani. Rangi nyeupe huchafuka kwa vumbi, hilo halipingiki, na inahitaji kusafishwa ili iendelee kuakisi. Hata hivyo, paa jeupe lenye vumbi bado lina nafuu kuliko paa la chokoleti lililo safi.

Baada ya rangi huja dari. Bodi za silingi hukinga mnunurisho wa bati usimfikie mtu, na nafasi iliyo kati ya bati na dari, kama ina matundu ya kuingiza na kutoa hewa, huiruhusu hewa moto kutoka badala ya kurundikana. Mafundi wengi siku hizi huziba nafasi hiyo kabisa kwa mbao za pembeni ili popo na ndege wasiingie, na kwa kufanya hivyo hugeuza dari kuwa kifuniko cha tanuri, ilhali wavu mdogo wa waya ungewazuia popo na kuiacha hewa ipite. Palipo na fedha ya ziada, karatasi ya aluminiamu ikitandazwa chini ya bati huku uso wake unaong'aa ukiangalia chini, na ukiachiwa nafasi ya hewa, hupunguza sana mnunurisho unaoshuka. Ikigusana na dari kwa upande wake wa chini, faida hiyo hupotea, kwa kuwa joto hupita kwa mpitisho, yaani kwa kugusana kwa vitu viwili, na hapo mng'ao wake haufanyi kazi yoyote.

Ni haki kulitetea bati kidogo. Makuti ya mnazi ni kihami joto kizuri, yaani hayapitishi joto kwa urahisi, na nyumba ya makuti iliyosukwa vizuri ni baridi kuliko ya bati. Lakini makuti hushika moto, huoza, huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na maji yanayochirizika kutoka humo hayafai kukingwa kwa kunywa. Bati lilikuja na usalama na maji ya mvua safi, na kampeni za nyumba bora za enzi ya Ujamaa nchini Tanzania zililifanya kuwa alama ya maendeleo kwa sababu zenye maana. Kasoro ilikuwa kwamba bati lilichukuliwa bila vile vilivyopaswa kuandamana nalo. Makuti yalikuwa paa, dari na njia ya hewa kwa wakati mmoja, na yalipoondolewa, bati lililowekwa mahali pake lilichukua kazi moja tu kati ya hizo tatu.

Ufundi wa kuliweka jua mbali haukuwa mgeni katika pwani hii. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar uliotangulia mwaka 2000, imejengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo mara nyingi hufikia nusu mita, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba nyumba moja huitilia nyingine kivuli kwa sehemu kubwa ya siku, na hapo ndipo siri ilipo. Ukuta mnene una tabia ya kuhifadhi joto, na kama ungepigwa na jua mchana kutwa ungelitoa usiku ndani ya vyumba vya kulala. Lakini ukuta ulio kivulini haupati nafasi ya kuhifadhi kitu, kwa hiyo hubaki na ubaridi wa wastani wa siku nzima. Anayeiga unene wa kuta za Mji Mkongwe katika kiwanja kilicho wazi, bila kuiga vichochoro vyake, anajijengea ghala la joto.

Jambo hili huonekana wazi katika ukuta wa magharibi wa nyumba ya kawaida ya tofali za saruji za inchi 6. Joto la jua huchukua muda wa saa 4 hadi 5 kuupenya ukuta wa unene huo, hivyo jua lililoupiga saa kumi alasiri huwasili upande wa ndani kati ya saa mbili na saa tatu usiku, wakati ambapo jua limekwisha kuzama na familia inatandika vitanda. Kiganja kikiwekwa kwenye ukuta huo saa tatu usiku huhisi uvuguvugu, na mwenye chumba hulalamikia hali ya hewa ya usiku ilhali anayelala naye ni jua la alasiri. Mzabibu au mpasheni ukipandishwa kwenye kichanja mbele ya ukuta huo, au mkungu ukipandwa mita kadhaa kutoka msingi, hulikata joto hilo kabla halijagusa saruji. Ukuta ukipakwa chokaa nyeupe badala ya rangi nzito hupata nafuu hiyo kwa kiasi, na chokaa ndiyo dawa nafuu kuliko zote zilizopo.

Dirisha lina hesabu yake. Kioo huruhusu mwanga wa jua kuingia kwa wepesi, lakini vitu vya ndani vikishapata moto hutoa mnunurisho wa aina nyingine, wenye mawimbi marefu, ambao kioo hakikubali utoke. Pazia la ndani, hata likiwa zito, hulikamata jua likiwa limekwisha kuvuka kioo, na joto lake hubaki chumbani baina ya pazia na mtu. Kivuli kilichowekwa nje hulizuia jua kabla halijavuka. Tofauti kati ya hivi viwili ni kubwa kuliko tofauti kati ya pazia jepesi na pazia zito, na bado fedha nyingi za nyumbani huenda kwenye pazia. Jamvi lililoning'inizwa nje ya dirisha la magharibi kuanzia saa nane mchana, umbali wa kiganja kutoka kwenye kioo ili hewa ipite katikati, humsaidia mpangaji kuliko pazia la bei ya juu, na mpangaji halazimiki kuomba ruhusa ya kuvunja kitu.

Kwa anayejenga, kivuli bora cha nje ni upenu, yaani sehemu ya paa inayochomoza nje ya ukuta. Upenu wa sentimita 70 juu ya dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 hulifunika lote adhuhuri ya Juni, wakati jua limeinama zaidi upande huo, na dirisha la kusini la kimo hicho hulifunika lote adhuhuri ya Desemba na nafasi ikabaki. Upenu huohuo upande wa magharibi hauna nguvu hiyo: mwezi Februari, saa kumi alasiri, hutia kivuli cha nusu mita na kidogo, na ifikapo saa kumi na moja jioni kivuli hicho kimepungua hadi theluthi ya mita, huku jua likimulika sehemu kubwa ya kioo. Maana yake ni kwamba madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na yale ya magharibi yawe madogo, au yawe na luva za wima, au yakingwe na mti. Mchoraji wa ramani anayeweka sebule yenye kioo kipana upande wa machweo kwa sababu barabara iko huko amemuuzia mteja wake bili ya umeme ya maisha.

Hewa nayo haiingii chumba ambacho haina pa kutokea. Dirisha moja, hata likiwa pana, hupitisha upepo kidogo kuliko madirisha mawili madogo yaliyo kwenye kuta tofauti, kwa kuwa upepo hutembea pale tu unapopata njia ya kutoka. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma kando, ambayo yameenea mijini kwa usafi na usalama wake, yana hasara ambayo muuzaji haitaji: hayawezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa sababu kioo kimoja daima hufunika nafasi ya kingine, ilhali luva za zamani za vioo hufunguka karibu zote. Wavu wa mbu nao hupunguza kasi ya hewa, lakini haupaswi kuondolewa mahali penye malaria. Dawa yake ni kuongeza upana wa uwazi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Magomeni jijini Dar es Salaam, yenye ukumbi wa katikati unaonyooka kutoka barazani hadi uani na vyumba vitatu kila upande, ilikuwa na mantiki nzuri ya hewa katika ukumbi wake, na vyumba vilinufaika pale ambapo kuta za ndani hazikufika hadi kwenye paa. Kuta hizo zilipopandishwa na kuzibwa kwa ajili ya faragha, bila kuacha matofali ya matundu juu ya mlango, vyumba vilibaki na dirisha moja kila kimoja.

Kanuni ya kufungua na kufunga haifanani kila mahali, na hapa ushauri wa kunakili huwapotosha watu. Dodoma, iliyo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 na yenye hewa kavu, usiku hupoa vya kutosha, kwa hiyo anayeishi huko hupata faida akifunga madirisha na mapazia wakati wa jua kali na kuyafungua usiku ili kuta zipoe; tembe za Wagogo, zenye paa la bapa lililosakafiwa kwa udongo, zilifuata mantiki hiyohiyo kabla ya saruji kufika. Pwani, ambako usiku wa Februari hewa haishuki sana na unyevu ni mwingi, kufunga chumba mchana kutwa huongeza adha, kwa sababu mwili hupozwa na jasho linapokauka, na jasho halikauki kwenye hewa iliyotulia. Mkazi wa pwani anahitaji kivuli na upepo kwa pamoja.

Kutokana na hilo, kazi ya feni inaeleweka vizuri zaidi. Feni haipozi chumba. Humpoza mtu kwa kuharakisha ukaukaji wa jasho, na injini yake huongeza joto kidogo, kwa hiyo pangaboi linalozunguka katika chumba kisicho na mtu linakula uniti za umeme za Luku bure. Ushauri wa kuweka bakuli la barafu mbele ya feni unastahili kupimwa kwa hesabu. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza nishati ya kilojuli 334, na dirisha la mita moja na nusu za mraba linalopigwa na jua la alasiri linaweza kuingiza wati 700, kiasi ambacho humaliza kazi ya kilo hiyo kwa muda wa dakika 8 hivi. Tena jokofu lililogandisha barafu hiyo, kama limo ndani ya nyumba, limetoa joto jingi zaidi kuliko ubaridi uliopatikana. Maji yana nguvu kubwa zaidi yanapokauka, kwani lita moja hubeba joto lipatalo mara 7 ya lile la barafu ya uzito huo, na ndiyo maana kuyamwaga uani na juu ya paa jioni huleta nafuu ya kweli palipo na maji ya kutosha. Maji hayo yakaukie nje. Shuka lenye maji likitundikwa ndani ya chumba cha pwani huongeza unyevu na kulizuia jasho.

Kiyoyozi hakina budi kutajwa kwa uadilifu, kwa kuwa wapo wagonjwa, wazee na watoto ambao usalama wao unakitegemea. Lakini kiyoyozi kidogo cha chumba, kile cha BTU 9,000, huvuta umeme unaoweza kuendesha feni 10 na zaidi, na joto lote kinaloliondoa ndani hulitupa nje pamoja na joto la injini yake, jumla yake ikifika zaidi ya wati 3,000. Katika mitaa ambayo nyumba zimekaribiana kwa hatua chache, nje ya mmoja ni dirisha la mwingine, na jirani asiye na uwezo hupokea joto la mwenye uwezo. Gesi zinazotumika katika mashine hizo nazo ni tatizo: ile iitwayo R-410A, iliyoenea sana, ikivuja huongeza joto la dunia takriban mara 2,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito huohuo kwa kipindi cha miaka 100, na ni kwa ajili ya gesi za kundi hilo kwamba mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza hatua kwa hatua. Chumba chenye kivuli na dari huhitaji kiyoyozi kidogo, kwa saa chache, kama kinahitaji kabisa.

Tanzania imewahi kuwa na wasanifu waliojali suala hili la kivuli na hewa. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililobuniwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyoinuliwa juu ya wauzaji ili kivuli kitoke juu na hewa ipite chini yake, bila mashine. Jengo hilo liliungua Julai 2021, lakini fikra iliyolijenga inafaa kufundishwa kwa kila kijana anayejifunza kuchora ramani ya nyumba ya vyumba viwili.

Lawama, kwa hiyo, isielekezwe kwa mpangaji. Anayelipa kodi ya chumba cha bati lisilo na dari hana mamlaka juu ya rangi ya paa, upana wa upenu wala mahali pa dirisha, na bado ndiye anayeambiwa afunge pazia na kunywa maji mengi. Halmashauri hukagua ramani kabla ya kutoa kibali cha ujenzi. Hukagua umbali kutoka mpakani, choo na shimo la maji taka, na hakuna ugumu wa kukagua pia kama kila chumba cha kulala kina matundu mawili ya hewa, kama dirisha la magharibi lina kivuli, na kama paa lina dari yenye njia ya hewa. Wenye nyumba za kupangisha nao wasingoje sheria: kipindi cha ukavu kabla ya mvua za vuli kinatosha kupaka paa rangi nyeupe, kutoboa matundu juu ya milango na kupanda mkungu mmoja upande wa machweo, na kazi hiyo ikamilike kabla ya Desemba.